Nusu ya Malipo

Spika ni zangu. Nne, na mbili zimepasuka ngozi.
Nazikodisha kwa harusi, kwa maulidi, kwa mikutano ya kura,
na mara moja kwa mwaka, fainali ya kombe la mkoa,
nazipakia kwenye guta Ngamiani, barabara ya kumi na tatu,
mpaka Mkwakwani.

Kazi yenyewe haifiki dakika mbili.
Timu zikishajipanga, Katibu Shekimweri huinua leso,
nami nabonyeza.
Flashi ina wimbo mmoja tu, tarumbeta na kwaya,
umerekodiwa mahali penye mwangwi, sijui wapi.
Watu husimama. Spika huimba. Watu huchezesha midomo.
Miaka kumi na mmoja nimetazama taa za amplifaya,
kijani, njano, zisiguse nyekundu,
na hakuna aliyewahi kuniuliza kama naimba.

Juzi, Pongwe na Korogwe.
Namba tisa wa Korogwe alitema bigijii kiganjani,
akaifumbata, mikono ubavuni, kifua mbele.
Leso ikapanda.
Mstari wa kwanza ukatoka mzima,
wa pili ukafika katikati ya neno,
umeme ukaenda zake.

Mnaujua ukimya wa watu elfu nne waliosimama?
Bendera inasikika ikichapa mlingoti.
Muuza kashata kagandisha mkono, chenji ya watu hewani.
Refa ananitazama mimi.
Katibu ananitazama mimi.
Mimi nautazama waya, utadhani waya una mdomo.

Aliyeanza ni Singano, kipa wa Pongwe,
kwa sauti ile ile ya kukaripia mabeki.
Akaliokota neno pale lilipokatikia
kama mtu aliyevukwa na kandambili njiani:
akaivaa, akaendelea na safari.
Jukwaa kuu wakadaka, juu mno,
wanawake wa mbele ikabidi wakaze shingo.
Wa mzunguko wakadaka nao, chini, kifuani,
na kwa kuwa uwanja ni mpana na sauti hutembea kwa miguu,
wakawa nyuma kwa neno zima.
Hawakukutana.
Huku wameshafika amina, kule wangali wanaomba,
na wachezaji pale kati, kila mmoja na sikio lake.

Nikafungua mdomo nami.
Ubeti wa kwanza nilikuwa nao, wa shuleni, una vumbi la chaki.
Wa pili, ule wa nchi yangu mwenyewe,
ulikuwa kwenye flashi.

Hapo ndipo umeme ukarudi.
Kijani. Njano. Kwaya ikakohoa ndani ya spika,
inataka kuanza upya, safi, wote kwa pamoja.
Nikachomoa waya.

Wakaimba mpaka mwisho, vipande viwili.
Mzunguko wakamalizia peke yao,
kama wageni wa mwisho harusini wanaotafuta viatu.
Ndipo filimbi.

(Pongwe walifungwa mbili. Singano alilia.)

Katibu akanihesabia nusu ya malipo:
"Mashine yako imetuaibisha mbele ya mgeni rasmi."
Sikubishana.
Nusu ndiyo niliyokuwa nayo.

Nyumbani, Mwajabu wa darasa la nne anaosha vyombo.
Nikavuta kigoda, nikaketi, nikamwambia, mwanangu,
hebu nipe ubeti wa pili, polepole.
Akanitazama, povu mpaka viwikoni.
"Baba," akasema, "simama kwanza."