Nakupima Tu

Lilianza shati la mjukuu wa Bi Zeituni:
mikono miwili, yote ya kushoto.
Mama aliligeuza, akaligeuza tena, akacheka.
"Kitambaa hiki kina jini."
Nasi tukacheka, Bondeni nzima ikacheka.
Nani angemlaumu fundi wa miaka arobaini na mitatu
kwa mkono mmoja?

Kisha uzi wa buluu.
Jumatatu alinunua uzi wa buluu.
Jumatano, uzi wa buluu.
Siku niliyofungua droo kutafuta kiberiti
nilizihesabu nyuzi kumi na saba, buluu ile ile,
karatasi hazijabanduliwa.

"Nipe ile… ile,"
vidole viwili vikifunguka na kufunga hewani.
"Mkasi?"
"Huohuo. Nilikuwa nakupima tu."

Likawa ndilo jibu lake.
Akinililia kodi niliyomlipia jana: nakupima tu.
Akiniita kwa jina la mjomba tuliyemzika Molo:
nakupima tu, nione kama unasikia.

Mkasi ulipopotea alimshika Jepkemei mkono
akamwita mwizi, mbele ya wateja.
Msichana alifungasha usiku huo, hakujibu neno,
akaacha chapati sita zimefunikwa kwa sahani.
Wiki ya pili nikaukuta mkasi ndani ya mkebe wa unga,
mweupe, umelala chali.
Sikumwambia.
Nilimtumia Jepkemei pesa, nikafikiri nimemaliza.

Lakini muulize ya zamani!
Mtoto wa kinyozi wa Shabab?
Kifua ishirini na sita, bega la kulia limeshuka,
mama yake alilipa nusu, nusu akaleta viazi.
Mtoto huyo leo ana kitambi na ofisi ya bima.
Kwake angali anasimama juu ya kigoda,
analia kwa sababu chaki inamtekenya.

Hospitalini daktari alikuwa kijana, mpole mno.
"Loise Nyakio, miaka sabini na moja.
Mama, hebu nichoree saa. Iwe saa tano na dakika kumi."
Mama akashika kalamu, akainamia karatasi muda mrefu.
Akachora kola.
Kola safi, ncha mbili zinalingana,
mshono wa nukta nukta, mpaka tundu la kifungo.
Daktari akaandika kitu.
"Na hiyo yako," mama akamwambia,
"imekatwa upande. Nani alikushonea?"

Tukirudi alilipita lango letu.
Alisimama mbele kidogo, vumbi likimpanda sketi,
akatazama huku na huku kama mtu aliyeibiwa.
"Wameihamisha nyumba," akaninong'oneza.
"Usiwaambie kwamba tumejua."

Usiku narudi nyuma, natafuta ulipoanzia mshono kufumuka.
Ni Krismasi ile ya chai yenye chumvi?
Ni mazishi aliyouliza mara mbili nani amekufa?
Na mimi je?
Nilisahau siku yake ya kuzaliwa miaka mitatu mfululizo,
hakuna aliyenipeleka kwa daktari.

Jana asubuhi aliniita, pini mdomoni.
"Simama wima."
Nina miaka arobaini na tisa. Nikasimama.
Tepu ikanizunguka kiunoni, ncha zikakataa kukutana.
Akavuta. Akanitazama usoni,
kitu kikapita machoni pake, kikaondoka.
Nikavuta tumbo ndani, nikazuia pumzi,
nikimwangalia akifungua daftari la zamani,
akiandika polepole, kwa mwandiko ambao haujazeeka:

*Ngatia. Kaptula ya shule. Kiuno 22.
Acha pindo kubwa, bado anakua.*