Mzaliwa wa Hapa

Nyamhanga kanipigia saa nane usiku,
nimeshika mopu, ghorofa ya tatu,
mtaa ambao watu wa Birmingham bado wanauita wa Bunduki
ingawa siku hizi kinachotoka humu
ni kahawa na ankara.

"Dada, wametangaza.
Mwenye silaha bila kibali airudishe kituoni.
Hadi Ijumaa saa kumi jioni, haulizwi.
Kuanzia Jumamosi, ataulizwa."

Sikumuuliza silaha ipi.
Nyumba yetu Tarime haina mbili.
Iko juu ya dari ya jiko, imeviringishwa khanga ya mama
iliyofifia hadi maneno yake hayasomeki,
imekula moshi wa miaka thelathini,
nyeusi kama sufuria la msiba.

Baba aliishusha mara moja kwa mwaka
akaipaka samli, akaikemea kama ndama.
Siku hiyo akaniita, mimi wa darasa la tano,
nimsomee yaliyochorwa kwenye mtutu.
Nikapitisha kidole kwenye chuma baridi:
Bi. Rimi. Ngamu.
"Ndiyo nani huyo?"
Nikasema, labda ni jina la fundi.

Mimi kuja huku nilipigwa picha ya mapafu.
Nilitoa vidole vyote kumi.
Nilitoa taarifa za benki, barua, picha yenye masikio,
nikajaza pale panapouliza kama nimewahi kuua
au nina nia.
Yenyewe ilitoka mtaa huu huu
ikaenda kwetu kabla baba hajazaliwa,
na hakuna aliyeipiga picha ya kifua.

Tuliambiwa inalinda ng'ombe.
Ng'ombe waliibwa mara tatu.
Bunduki ilikuwa darini.
Risasi yake moja tunayoijua sote
iliingia kwenye goti la Mseti, mtoto wa shangazi,
miaka tisa, alitaka kufukuza nyani shambani.
Hakuna aliyeripoti. Ungeripoti vipi
kitu ambacho serikali haijui unacho?
Walisema ameanguka mtini.
Mpaka leo anatembea kama mtu
anayehesabu ngazi ambazo sisi hatuzioni.

Huku nako wana sanduku lao,
la chuma, karibu na kanisa ninapopandia basi,
lina mdomo mwembamba kama wa posta.
Unatumbukiza kisu, unakwenda zako.
Juzi nimemwona mama mmoja na taulo la jikoni
akitazama kushoto, kulia,
kisha mlio, *ta!*,
akabaki amesimama na taulo tupu.
Nilirudi nikapekua begi la Rioba wangu,
miaka kumi na sita.
Kulikuwa na ganda la ndizi na kitabu cha hesabu.
Nikalia kama niliyekuta kisu.

"Na wakinikamata njiani?" Nyamhanga anauliza.
"Mtu na bunduki juu ya bodaboda,
nani ataamini anairudisha?"
Sikuwa na jibu. Nikakamua mopu.

Ijumaa, ujumbe:
*Tumefika. Mseti ndiye kaibeba, kanikatalia kabisa.*
Ujumbe:
*Askari mpole. Kapima mtutu kwa rula ya shule.*
Ujumbe:
*Anauliza mahali ilipotengenezwa.*

Nikamwandikia herufi moja moja,
taratibu, kama nilivyomsomea baba.
Kisha nikaongeza:
mwambie huyo si fundi, ni mji,
mwambie na mimi namjua,
usiku nampigia deki.

Akakawia. Nikaona vinukta vinacheza kwenye kioo,
vinakoma, vinacheza.

*Fomu haina nafasi ya hayo, dada.
Wanataka sahihi tu.
Mseti anatia sasa hivi.*