Ubavu wa Kushoto

Kwa mdomo ni neno moja, *ta*,
kama *yeye* yetu: halimpekui mtu.
Mchongezi ni wino.
Kwenye karatasi, ubavuni kushoto,
huwekwa alama ya mtu, ambayo wanaume wamejitwalia,
ama ya mwanamke.

Chengdu, juu ya duka la tambi,
Ruoheng amekesha usiku wa tatu
akichora herufi yenye ubavu mtupu.
Nafasi ile ameipima
kwa bega la Peishan, alalapo kifudifudi,
skrini ikimmulika mgongo.

Asubuhi mwenye kiwanda cha chapa akapiga simu:
bango lina kasoro,
hapa kushoto hapana kitu.

Ruoheng, mswaki mdomoni:
"Pana mtu.
Chapa hivyo hivyo."