Daftari la Madeni, Steshenari ya Gongoni

Alianza kwangu na karatasi nne.
Mwaka ule mashine yangu bado inakohoa,
inaacha masizi pembeni mwa kila kopi,
naye akasimama kaunta, kidole juu ya mstari wa tatu:
"Hiki ni kivuli, si nota. Rudia."
Nikarudia. Nota sikuijua.
Mimi nilijua vyeti vya kuzaliwa, barua za ruhusa,
hati za chama cha msingi cha tumbaku.

Skolastika Kalunde, binti wa mshika bendera wa stesheni,
alifundishwa do-re-mi kigangoni Isevya
kwa kinanda cha kukanyaga chenye funguo mbili bubu.
Aliniambia bila kucheka:
zile bubu ndizo zilizonifanya mtunzi,
sauti zake nilizitafuta kichwani.

Nne zikawa kumi na mbili, kumi na mbili zikawa rimu.
Fidla ya kwanza, fidla ya pili, viola, selo,
nilizibana kwa klipu mbalimbali
kama mitalaa isiyosemezana.
Akaenda Ujerumani miaka mitano. Nikamsahau.
Nikanunua mashine mpya, nikaoa, nikaibiwa ile mpya.
Akarudi na koti lisilo na siku ya kuvaliwa Tabora
na mkoba uleule.

Mtaani wakauliza, anapiga nini?
Hapigi. Anaandika, wapige wengine.
Hao wengine wako wapi?
Ng'ambo. Si Ng'ambo yetu hii, ile nyingine.
Wakamhurumia, wakampa watoto awafundishe.
Mzazi mmoja alilipa chupa mbili za asali ya Sikonge,
moja ikavujia ukurasa wa kumi na tisa.
Hadi leo unanata,
na mimi kila nikiufikia naugeuza polepole.

Usiku wa mgao, jenereta inaunguruma nje,
ukatoka ukurasa mtupu:
mistari mitano, mitano, mitano,
na vibao vidogo vyeusi vinaning'inia kama popo.
Nikauchana. Nikatoa mwingine, vilevile.
Nikatikisa wino, nikaitukania mashine mama yake.
Akanishika mkono.
"Wino upo. Hicho ni kimya.
Treni mbili zikipishana Malongwe, moja inasubiri.
Inasubiri, haijafa. Hapo selo inasubiri."
Nikutoze ukurasa usio na kitu?
"Nitoze. Hakuna ulionichosha kama huo."

Hapa kwetu kazi zake zimepigwa mara moja,
ukumbi wa chuo, watu kumi na saba, nami nimejihesabu.
Mheshimiwa alituma salamu na kreti ya soda.
Waya wa selo ulikatika katikati;
Kalunde, mstari wa mbele, akasema endeleeni,
wakaendelea na shimo lile ndani yake.
Huko zinakopigwa kila mwaka
amealikwa mara tatu, viza imetoka moja,
nayo ilitoka Jumatatu, onyesho lilikuwa Jumapili.

Wiki iliyopita wamemtumia rekodi.
Akaitumbukiza simu kwenye glasi tupu ili sauti ikue.
Mimi natoa kopi za vitambulisho, watu wa vikoba,
foleni hadi kizingitini.
Fidla zikaingia, selo ikazikokota,
na Rehani Kasubi, gadi mstaafu,
aliyekuja kwa fomu ya pensheni na hasira zake,
akainua kichwa:
"Hiyo si ya Kigoma. Hiyo ya Mpanda.
Mabehewa machache, na la mwisho gurudumu bovu."

Kalunde akaizima.
Nikadhani amekasirika.
Akaniomba kalamu, akafungua mkoba,
akafuta jina la kazi, la Kijerumani, refu kama risiti,
akaandika neno moja juu yake.
Sikulisoma. Foleni ilikuwa inanipigia kelele.

Jioni nikafungua daftari.
Kalunde, S.:
kurasa arobaini na sita,
na mmoja wa kimya.
Hajalipa.
Sijamdai.