Harufu ya Oiva

Nyumbani kwetu ilikuwa na jina:
harufu ya Oiva.
Ukifungua mlango wa Volvo ile ya sitini na sita,
nyeupe kama maziwa yaliyoungua kidogo,
inakupokea kabla ya kiti,
inakaa kooni, inakaa kwenye kola,
inaingia nawe kanisani na kutoka nawe.
Mama, siti ya mbele, leso puani, hasemi neno.
Anashusha kioo upana wa kidole,
hata nje pakiwa na baridi ya kupasua chupa.

Kiangazi cha sabini na tisa kaka yangu
alipakia butini dumu la petroli ya injini ya mashua.
Kifuniko hakikukaza.
Ndivyo baba alivyosimulia, mezani,
mbele ya wageni, mbele ya mchumba wa Oiva,
supu ikipoa:
"Asiyejua kufunga kifuniko atafunga nini?"

Oiva akafunga sanduku.
Akavuka kwenda Göteborg, kiwandani,
akafunga milango ya magari ya watu,
mia mbili kwa zamu.

Sasa baba hayupo. Gari limeniangukia mimi,
na funguo mbili, mmoja umepinda.
Mama, themanini na minane, anatakiwa Oulu
kutolewa mtoto wa jicho,
na hataki teksi. Anataka hili.
Nikasema: basi harufu itoke kwanza.

Nilianza kama wote tunavyoanza, kwa kufunika.
Siki kwenye bakuli chini ya kiti.
Magadi juu ya zulia usiku kucha,
asubuhi nikayafagia kama theluji chafu.
Kahawa ya kusaga ndani ya soksi.
Kwa wiki nzima gari likanuka
petroli iliyotoka mkahawani.

Jirani yetu Reijo, fundi mstaafu wa meli za kuvunja barafu,
alichungulia, akapangusa pua, akauliza:
"Inazidi lini?"
Nikafikiri. Tanki likijaa. Na kwenye kona za kulia.
"Doa halijui kona," akasema.
"Na petroli iliyomwagika hukaa wiki mbili, tatu,
ikachoka, ikaenda zake."

Tukang'oa zulia la buti. Tukatoa tairi la akiba,
jeki, viatu vya baba vya kuvulia samaki.
Na pale shingo ya tanki inapoingia tumboni,
kipande cha mpira, urefu wa kiganja,
kimeshikwa na vibano viwili vya kutu.
Reijo akakikunja kwa dole gumba.
Kikafungua vinywa, vidogo, vingi.
Ubavuni, mhuri wa kiwanda: 65.

Mpira mpya, yuro kumi na nne.
Vibano, tatu na senti.
Nikajaza tanki hadi kooni, nikazunguka Raahe
kwa kona za kulia tu, kama mlevi mwenye msimamo,
mpaka taa za kiwanda cha chuma zikawaka.
Hakuna kitu.
Vumbi moto la hita. Ngozi ya kiti. Basi.

Siku ya safari mama aliingia, akavuta pumzi,
leso ikabaki mapajani.
Kilomita arobaini hakusema kitu.
Nikamweleza juu ya mpira. Nilidhani atafurahi.
Baada ya Liminka, akitazama mashamba asiyoyaona vizuri,
akasema:
"Dumu lile nililifunga mimi.
Oiva alikuwa anafungua kamba ya mashua.
Nililifunga mimi, kwa haraka,
na baba yako alipoanza kupiga kelele
nikafunga na mdomo."

Wiper zilikuwa zinafanya kazi, mvua haikuwapo.
Nikazizima.

Ule mpira wa zamani umo kwenye dashibodi,
umeviringishwa gazeti, na anwani juu yake.
Posta ya Oulu hufungwa jioni mapema.
Nilikanyaga mafuta.
Mama akanyoosha mkono, bila leso,
akashusha kioo
upana wa kidole.