Kituo

Nina miaka sitini na minane na leo nimeanza darasa la kwanza.
Kiti ni cha mtoto; magoti yananikaribia kidevu.
Nje, upepo wetu wa Trieste, uitwao bora
ingawa haujawahi kuwa bora kwa yeyote,
unatikisa madirisha kama mdai aliyechoka kubisha kwa adabu.

Mwalimu Nives ana umri wa mjukuu wangu.
Amenikabidhi tromboni ya bendi ya manispaa,
yenye kovu shingoni na harufu ya pumzi za marehemu,
kisha anaandika maneno ubaoni, moja chini ya jingine,
akidhani ananifundisha.

Mwalimu, maneno haya nimekula nayo sahani moja.

Piano, anasema: kwa sauti ya chini.
Namsikia mke wangu Ondina, saa kumi alfajiri,
mimi nikitafuta viatu gizani:
piano, Ottorino, piano, utaamsha jengo zima.
Forte: kwa nguvu. Hiyo ni kahawa yake.

Tempo ni mwendo wa muziki, anasema.
Huku kwetu tempo ni saa, na tempo ni hali ya hewa pia.
Bibi kizee akipanda basi akikuuliza habari za tempo,
hujui utazame mkono wako au mawingu.

Scala: ngazi ya sauti, toka do mpaka do.
Sisi tuliojengewa mji mgongoni mwa kilima
scala tunaijua kwa magoti.
Naikwea hii ya Nives, nateleza kwenye fa,
naporomoka hadi chini kwa kishindo.
Mtoto wa filimbi anacheka mpaka kamasi zinamtoka.

Legato: zimefungwa pamoja, noti imeshika noti mkono.
Nakumbuka kamba walizotufungia kando ya barabara
siku za bora, tusipeperuke.
Staccato: zimebanduka, kila moja kivyake.
Hiyo ni simu ya mwanangu kutoka Melbourne.
Mzima? Mzima. Baridi? Baridi. Haya.

Da capo: rudi mwanzo.
Miaka thelathini na mmoja nimerudi mwanzo,
stesheni hadi hospitali, hospitali hadi stesheni,
basi namba kumi na saba, bila kupigiwa makofi.

Halafu anachora jicho.
Nukta, na juu yake unyusi mmoja ulioinuka.
Fermata, anasema, na mimi nacheka kwa sauti:
fermata ni kituo cha basi, binti yangu!
Kibao cha njano, benchi, mtu na mwavuli wake.

Ndiyo, anasema Nives, lakini sikiliza.
Hapa hesabu inakoma.
Unaishikilia noti mpaka mkono wa kiongozi ushuke.
Kwa muda gani?
Kwa muda inaouhitaji.

Nikanyamaza.
Ilikuwa Novemba, mvua ya mshazari, mlango nimeshaufunga.
Kiooni nikamwona mwanamke anakimbia,
kiatu kimoja mkononi, mfuko umepasuka,
machungwa yakibingirika mteremkoni, moja, moja, moja.
Ratiba ilisema ondoka. Abiria walisema ondoka.
Nikakanyaga breki, nikaishikilia.
Sekunde arobaini.
Nilikatwa mshahara wa siku nzima.
Hakusema asante. Alikaa nyuma yangu akihema,
akashuka hospitali,
na mpaka leo sijui kama aliwahi.

Miaka yote hiyo faili langu limeiita kosa.
Kumbe ina alama yake, na wino wake,
na watu waliovaa tai huilipia tiketi kuisikiliza.

Usiku nimeziba mdomo wa tromboni kwa soksi ya sufu.
Piano, Ottorino, inatoka sauti jikoni.
Nafika penye jicho. Navuta bomba, natuliza midomo.
Noti inatoka na mikwaruzo yake, kisha inasimama.
Mlangoni, Ondina ameinua mwiko,
mchuzi unadondoka sakafuni,
hajaushusha.

Pumzi bado ipo.