Njia ya Loleza, kwa Anyitike

Usianze na mbio. Huo ni ushamba wa watu wa tambarare.
Toka getini kwa mwendo wa mtu aendaye kununua chumvi,
viganja ndani ya mikono ya sweta,
maana Juni hapa Forest haisalimu, inang'ata.
Ambaa na ukuta wa kanisa. Kwa Mzee Mwakalinga
mbwa atabweka mara tatu, nne.
Jina lake Waziri. Hajawahi kumuuma mtu,
kazi yake ni kutangaza.

Hapo sasa legeza mabega. Kimbia.

Lami inakwisha bila kuaga.
Udongo mwekundu, umelowa ukungu,
utakushika soli kama mtu anayekudai.
Kushoto ni shamba la viazi la akina Lusajo,
matuta yamenyooka kama nywele zilizosukwa Jumamosi jioni.
Ukiwakuta wanapalilia, punguza mwendo.
"Ugonile," watakuambia. Itikia "ndaga"
hata kama huna pumzi;
pumzi utaikuta mbele,
salamu ukiipita haikufuati.

Kisha mikaratusi.
Pua itafunguka kabla ya mapafu.
Magome yamening'inia kama mashati yasiyo na mwenyewe,
na chini majani makavu yanapasuka kwa kila hatua,
utadhani kuna mtu nyuma yako.
Hakuna. Nilishageuka mara nyingi.

Njia panda usiifuate ile pana:
ni ya malori ya mbao, ina vumbi na matusi.
Shika kijia cha wabeba kuni.
Ukikutana nao wanashuka, mzigo kichwani, shingo imenyooka,
ingia wewe kwenye miiba.
Mwenye mzigo hakwepi. Anakwepwa.

Baada ya misonobari
kilima kinasimama wima.
Usikitazame.
Tazama vidole.
Hatua fupi,
fupi,
kama kuku topeni.
Moyo utabisha hodi
mbavuni.
Usiufungulie.
Fupi.
Tena.
Hapo kwenye jiwe lenye ukoga
ndipo kila mtu
hukumbuka
ana shughuli mjini.
Pita.

Halafu majani marefu, upepo, minara,
na Mbeya yote chini imemwagika mabati,
reli imepita pembeni kama zipu ya koti,
na siku ikikubali, Rungwe kule,
amejifunika wingu mpaka mabegani kama mgonjwa asiyetaka wageni.
Nilifika hapo kwa dakika thelathini na nane.
Saa yangu ilisema thelathini na tisa. Tuligombana.

Kushuka, nisikilize.
Kupanda ni nguvu, kushuka ni akili,
na mimi nilikuwa na nguvu.
Goti la kulia lilibaki pale penye mawe yanayoteleza,
mwaka ule wa mvua ya mawe. Lilirudi na mimi, ndiyo,
lakini tangu hapo linaishi kivyake,
linajua mvua kabla ya redio.
Kwa hiyo shuka kwa adabu. Kunja magoti kidogo,
mikono wazi, kama mtu anayeingia msibani akiwa amechelewa.

Usiniletee picha. Simu iache juu ya kabati.
Mimi nitakuwa barazani, blanketi mapajani,
na chai ya tangawizi aliyonimiminia shangazi yako.
Waziri akibweka, nitajua umepita.
Akibweka tena, nitajua umerudi,
nitainuka nikuchemshie maji ya miguu.
Kati ya mbweko huo na mbweko huo
nisisemeshwe na mtu.

Na ukikuta kikombe kimejaa vilevile, kimepoa,
na shingo yangu ina jasho, baridi yote hii,
chukua ile chai uimwage mauani.
Usimwambie shangazi.